Gari liko stendi, dereva hayupo: kisa cha meseji za malipo katika vituo viwili vya data

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kinahusu taasisi moja ya malipo Afrika Mashariki. Nimeficha jina lake, miji ilipo, tarehe na watu wote. Vituo vyake viwili vya data nitaviita Pwani na Bara. Mipangilio ya kiufundi sikuigusa, nimeiacha kama tulivyoiandika, pamoja na ile iliyotuumiza. Nilikuwa mmoja wa wahandisi waliohusika tangu mwanzo, kwa hiyo ninaposema "tulikosea" na mimi nimo.

Nimeandika kwa ajili ya wenzangu wanaoendesha foleni za meseji kwenye seva zilizounganishwa kuwa klasta, yaani kundi linalofanya kazi pamoja, hasa wale walioambiwa sentensi tuliyoambiwa sisi: kila kituo kihudumie wateja wake, na kimoja kikianguka kingine kibebe mzigo. Sentensi hiyo ni fupi, lakini ilituchukua karibu mwaka mzima kuitekeleza ipasavyo.

Usuli

Taasisi inapokea malipo kutoka kwenye simu, kwa mawakala na benki: ankara za maji, ada, na zaidi ya vyote tokeni za umeme. Kila malipo ni meseji moja. Inaingia langoni, inawekwa kwenye foleni, programu ya kazi inaichukua, inazungumza na mtoa huduma, kisha jibu linarudi langoni. Upande wa pili wa mnyororo huo kuna mtu amesimama kwa wakala, mara nyingi usiku, anasubiri tarakimu 20 aende akazibonyeze kwenye mita ili nyumba ipate mwanga. Naomba msomaji asimsahau mtu huyo, maana kila kosa nitakalolieleza lilimwangukia yeye.

Pwani na Bara viko mbali kwa zaidi ya kilomita 400 za nyaya. Mwanga ndani ya fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi umbali huo hakuwezi kupungua milisekunde 4, hata ukinunua vifaa vya bei gani. Safari moja haina neno. Ila malipo moja yana mazungumzo mengi ndani yake, na kila mazungumzo yakivuka waya huo mteja anaanza kuuona muda.

Foleni zilikuwa zinaendeshwa na IBM MQ, bidhaa iliyotoka mwaka 1993 kwa jina la MQSeries na ambayo bado imejaa kwenye mabenki. Kila kituo kilikuwa na mameneja watatu wa foleni, yaani programu zinazotunza foleni kwenye seva: mmoja wa lango, anayepokea kutoka nje, na wawili wa kazi, ambao programu za malipo huchukua meseji kwao. Wote sita walikuwa kwenye klasta moja. Faida ya klasta ni kwamba lango halihitaji kuambiwa foleni iko kwenye seva gani. Linataja jina tu, MALIPO.KAZI, na klasta inajua kwamba foleni yenye jina hilo ipo sehemu nne. Wanaotunza habari hizo ni mameneja wawili wenye daftari kamili. Wengine huomba kwao wanachokihitaji na kukihifadhi. Madaftari yetu mawili yote yalikuwa Pwani, kwa sababu tu Pwani ndiko tulikoanzia.

Usipotoa maagizo yoyote, meseji zinagawanywa kwa zamu: ya kwanza huku, ya pili kule, mpaka sehemu zote nne, kisha mzunguko unaanza upya. Kwa hiyo nusu ya malipo yaliyoingia Pwani yalikwenda kufanyiwa kazi Bara, na nusu ya yale ya Bara yalikuja Pwani. Hakuna kilichokuwa kimevunjika, ila wepesi haukuwepo, na waya wa katikati ulikuwa unabeba mzigo usio na sababu.

Uamuzi wa kwanza: lakabu mbili, na cheo

Kikwazo cha kwanza hakionekani mpaka uanze kuandika amri. Upendeleo kwenye klasta hii hutangazwa na anayepokea, wala si na anayetuma. Foleni ya Pwani ikijitangaza kuwa ina kipaumbele cha 9, itaonekana hivyo Pwani na itaonekana hivyo hivyo Bara. Huwezi kusema "mimi nipendelewe na jirani zangu tu".

Tulitoka hapo kwa kutumia lakabu, yaani majina ya ziada ya foleni moja. Kwenye kila meneja wa kazi, wote wanne, tuliweka majina mawili yanayoelekea kwenye foleni ile ile ya MALIPO.KAZI. Jina la kwanza ni MALIPO.PWANI: kwa mameneja wa Pwani lina namba 9, kwa wale wa Bara lina 5. Jina la pili ni MALIPO.BARA, namba zikiwa kinyume chake. Programu za lango la Pwani zinaandika kwa jina la Pwani, za Bara kwa jina la Bara. Tangazo ni moja kwa wote, lakini kila upande unaita jina lake. Mpango huu ulikuwa sahihi na mpaka leo haujaguswa.

Kosa liliingia kwenye sifa tuliyoipa hizo namba. IBM MQ ina sifa mbili zinazofanana kwa sura: CLWLRANK, ambayo hapa nitaiita cheo, na CLWLPRTY, ambayo ni kipaumbele. Zote huanzia 0 hadi 9, na zote hupendelea namba kubwa. Mwenzetu mmoja alisoma kwamba cheo hutazamwa mapema kuliko kipaumbele, akahitimisha kwamba kina nguvu zaidi, kwa hiyo ndicho cha kutumia. Mimi niliipitia hoja hiyo na nikaikubali. Tukaandika cheo.

Kisha tukajaribu. Tulizima meneja mmoja wa kazi wa Pwani katikati ya mtiririko wa meseji za majaribio, na zote zikahamia kwa mwenzake bila kupotea hata moja. Tukaandika "imefaulu", tukapeleka kwenye uzalishaji, yaani kwenye mfumo wa wateja halisi.

Tukio la kwanza: Ijumaa ya mwisho wa mwezi

Mishahara ilikuwa imetoka. Kuelekea saa moja jioni, huko Bara, ilikufa swichi ya mtandao ya rafu yenye mameneja wote wawili wa kazi. Lango la Bara lilikuwa kwenye rafu nyingine, zima. Waya wa kwenda Pwani ulikuwa mzima. Pwani kulikuwa na mameneja wawili wa kazi wenye nafasi ya kutosha. Hali hiyo hasa ndiyo tuliyoijengea mfumo wote.

Hakuna meseji hata moja ya lango la Bara iliyokwenda Pwani. Zilikaa langoni, kwenye foleni ya usafirishaji ya klasta, SYSTEM.CLUSTER.TRANSMIT.QUEUE, zikiongezeka kila ukitazama. Tulibaki tunashangaa: njia ipo, anayepokea yupo, na meseji hazitoki.

Ilituchukua kama dakika 40 kurudi kwenye nyaraka na kusoma kwa utulivu utaratibu mzima ambao klasta hupitia kuchagua pa kupeleka meseji. Maswali yana mpangilio wake. Kwanza inauliza cheo, na yeyote mwenye cheo cha chini anaondolewa hapo hapo. Baada ya hapo ndipo inapouliza hali ya chaneli, yaani njia ya kupeleka meseji kwa meneja huyo, kama inafanya kazi au imekatika na inajaribu tena. Kipaumbele kinaulizwa baada ya hali ya chaneli, na uzito wa mgao mwishoni.

Maana yake, kwa kutumia cheo tulikuwa tumeiagiza klasta iwafute Pwani kabla ya kuangalia kama Bara wanafikika. Ilipofika kwenye swali la hali ya chaneli, orodha ilikuwa na majina mawili tu ya Bara, yote hayapatikani, na ikachagua mojawapo kwa kuwa hakukuwa na jingine. Cheo kiliwekwa kwa kazi tofauti kabisa: kwa mtandao ambao meseji lazima ipite njia maalumu hata kama mwisho wa safari haupo kwa sasa. Kipaumbele kingeuliza kwanza nani yupo, ndipo kipendelee kati ya waliopo.

Na jaribio letu lilifaulu kwa sababu ile ile. Tulizima mmoja kati ya wawili wenye cheo sawa, kwa hiyo swali la cheo lilibakiza wote wawili, na swali la hali likamtoa yule aliyezimwa. Laiti tungezima wawili wa kituo kimoja siku ile, tungeligundua mezani.

Kulirekebisha papo hapo kulikuwa na ugumu wake. Lakabu zenye cheo kikubwa zilikuwa ndani ya seva za Bara ambazo hatukuweza kuzifikia, kwa hiyo hatukuweza kuzishusha. Tukafanya kinyume: kwa mameneja wa Pwani tulipandisha cheo cha MALIPO.BARA kutoka 5 hadi 9. Sasa wote wanne walilingana, hali ya chaneli ikaulizwa, na meseji zikaanza kutiririka kwenda Pwani ndani ya sekunde chache.

Zilitiririka, lakini si zote. Baadhi ya programu za lango zilikuwa zimefungua foleni tangu asubuhi na hazikuifunga. Sifa ya DEFBIND tulikuwa tumeiacha kama ilivyokuja, yaani OPEN, ambayo huchagua mahali pa kupeleka mara moja tu, pale foleni inapofunguliwa. Programu zilizofungua foleni zikaelekezwa Bara zilibaki za Bara. Tulilazimika kuwasha upya programu za lango, na meseji zilizokuwa tayari zimepangiwa mameneja wa Bara zilisubiri swichi mpya, iliyofungwa karibu saa sita usiku. Zilipotoka, tokeni zilifika kwenye simu za watu waliokuwa wamelala, wengi wao wakiwa wameshalipa mara ya pili.

Uamuzi wa pili

Wiki iliyofuata tulibadilisha mambo matatu. Cheo kilirudishwa 0 kote, na zile namba 9 na 5 zikahamia kwenye kipaumbele. DEFBIND ikawa NOTFIXED, ili kila meseji ichaguliwe njia yake yenyewe. Hili lilitulazimu kuhakikisha kwanza kwamba hakuna programu inayotegemea meseji kufika kwa mfuatano, kwa sababu mbili zinazofuatana sasa zinaweza kwenda seva tofauti. Malipo yetu hayategemeani, kwa hiyo tulikuwa salama. Mwenye mfumo unaotegemea mfuatano asiige hatua hii bila kufikiri.

Badiliko la tatu lilikuwa kuhamisha daftari kamili moja kwenda Bara. Tuliona umuhimu wake kwenye zoezi: tulikata waya wa katikati kwa makusudi, kisha tukabadilisha kipaumbele kwenye meneja wa kazi wa Bara. Lango la Bara, lililo chumba hicho hicho, halikupata habari. Tangazo lilikuwa linasubiri kwenda kwenye madaftari yaliyoko Pwani ili lirudi Bara. Meseji za kawaida ziliendelea bila tatizo kwa habari za zamani, ila hakuna badiliko lolote jipya lililoweza kusikika. Yaani tungepoteza usukani saa ile ile tunayouhitaji.

Safari hii tulijaribu kwa kuzima mameneja wote wa kazi wa kituo kimoja, kisha cha pili. Ikafaulu kweli.

Tukio la pili: mstari ulionyooka

Miezi michache baadaye, usiku, nywila ya hifadhidata ya Pwani ilibadilishwa kwa ratiba ya kawaida ya usalama. Programu za malipo za Pwani hazikupewa nywila mpya. Zilijaribu, zikakataliwa, zikajifunga. Zote.

Mameneja wa foleni hawakuguswa. Chaneli zilikuwa RUNNING. Mtandao ulikuwa safi. Kwa macho ya klasta Pwani ilikuwa nzima, na kwa kuwa ndiyo yenye kipaumbele cha 9 kwa meseji za Pwani, ilipelekewa kila kitu. Ni kama stendini: gari lipo, milango iko wazi, mpiga debe anaendelea kupakia abiria, na dereva hayupo.

Aliyekuwa zamu alikuwa dada mmoja makini kuliko wengi wetu. Skrini yake ilionyesha kijani kila mahali, kwa sababu ilikuwa inapima mameneja na chaneli. Kulikuwa na grafu ya kina cha foleni pia. Aliona mistari miwili ya Pwani ikipanda, akaanza kuifuatilia, na kabla hajapiga simu mistari ikanyooka. Ilisimama kwenye 5,000 na haikupanda tena. Aliyasoma hayo kama yeyote kati yetu angeyasoma: mzigo ulizidi, sasa umetulia.

5,000 ndicho kikomo cha foleni, MAXDEPTH, kinachokuja na bidhaa usipokibadilisha. Mstari ulinyooka kwa sababu foleni zilikuwa zimejaa.

Kilichofuata kilienda mbali kuliko nilivyowahi kufikiri. Chaneli inayopokea ikishindwa kuweka meseji kwenye foleni iliyojaa haiitupi mara moja. Hujaribu tena mara 10, sekunde moja kati ya jaribio na jaribio, ndipo iipeleke kwenye foleni ya meseji zilizoshindikana. Muda wote huo meseji zilizo nyuma yake kwenye chaneli hiyo zinasubiri. Ankara za maji zilikuwa na foleni yake, yenye nafasi tele na programu yake inayofanya kazi, lakini zilipita chaneli ile ile. Nazo zikaanza kusuasua. Na kwa upande wa mtumaji chaneli hiyo bado inaitwa RUNNING, kwa hiyo klasta haikuona sababu ya kumkimbilia jirani.

Habari ya kwanza ya kweli ilitoka kwa watu. Dawati la mawakala lilimpigia mwenzetu wa zamu.

"Dada, samahani kwa usiku huu. Mawakala wanasema pesa inakatwa, tokeni haiji. Kuna mama mmoja amesimama dukani na mtoto mgongoni tangu saa mbili."

"Pole kaka. Kwangu kila kitu kinaonekana kipo sawa. Ni wa mkoa gani hao?"

"Wote wa huku Pwani. Bara hakuna aliyelalamika."

Jibu hilo la mwisho ndilo lililomfungua macho. Aliuliza foleni ya Pwani swali ambalo skrini haikuwa imewahi kuliuliza: una wasomaji wangapi? Amri ya DISPLAY QSTATUS ilirudisha IPPROCS yenye thamani 0. Hakuna programu hata moja iliyokuwa imefungua foleni ili ichukue meseji.

Alishusha kipaumbele cha MALIPO.PWANI hadi 0 kwa mameneja wawili wa kazi wa Pwani, na malipo mapya yakaanza kwenda Bara papo hapo. Mpango wa lakabu ulituokoa: amri mbili, bila kuzima kitu.

Zilibaki zile meseji zilizorundikana. Hapa tulifanya uamuzi ambao baadhi ya viongozi hawakuupenda. Hatukuziachia zichakatwe zenyewe baada ya nywila kurekebishwa. Tulizitoa kwa dmpmqmsg, tukaziweka kwenye faili, na timu ya usuluhishi wa hesabu ikazipitia moja moja: nani alishalipa tena, nani alisharudishiwa fedha, nani bado anasubiri. Sababu ilikuwa Ijumaa ile ya swichi, tulipoachia kila kitu na watu wakapata tokeni mbili wasizoziomba. Kazi ilichukua usiku na asubuhi yote iliyofuata. Bado naamini ulikuwa uamuzi sahihi. Meseji iliyochelewa saa tatu si ombi lile lile tena, kwa sababu aliyeiomba ameshafanya jambo jingine.

Uamuzi wa tatu: mlinzi wa wasomaji

IBM MQ inakuja na programu ya mfano, AMQSCLM, kwa ajili ya tatizo hili hasa. Inakagua kama foleni za klasta zina wasomaji, inashusha kipaumbele cha isiyo na msomaji, na ukitaka inahamisha meseji zilizokwama kwenda kwenye foleni yenye wasomaji. Tuliiendesha kwenye mazingira ya majaribio kwa wiki mbili. Tusingekuwa na lakabu tungeichukua kama ilivyo, na ninampendekezea mtu yeyote aanze nayo. Kwetu ilikwamia mahali pawili. Inabadilisha kipaumbele cha foleni yenyewe, wakati upendeleo wetu umeandikwa kwenye lakabu. Na inahesabu wasomaji tu.

Hilo la pili lina uzito. Programu inaweza kuwa imeifungua foleni, IPPROCS ikaonyesha 4, na nyuzi zote nne, yaani mikondo ya kazi ndani ya programu, zikawa zimeganda zikisubiri hifadhidata isiyojibu. Dereva yupo kitini, amelala. Kwa hiyo mlinzi tuliyemwandika anauliza mambo matatu kila baada ya sekunde 15: wasomaji ni wangapi, meseji ya mwisho ilichukuliwa lini, na iliyokaa muda mrefu kuliko zote ina umri gani. Majibu hayo mawili ya mwisho, LGETTIME na MSGAGE, yalirudi matupu siku ya kwanza. Vipimo vya foleni, MONQ, huwa vimezimwa mpaka uviwashe mwenyewe.

Vipimo vitatu vibaya mfululizo vinashusha lakabu ya seva hiyo hadi 0. Kuipandisha tena kunahitaji vipimo 20 vizuri mfululizo, yaani dakika tano. Tofauti hiyo tuliiweka baada ya kuona kwenye majaribio programu ikifufuka na kufa, na meseji zikirushwa Pwani na Bara kama mpira. Kushusha kuwe haraka, kurudisha kuwe kwa subira. Na iwapo vituo vyote viwili vitashushwa kwa wakati mmoja, vinalingana kwenye 0 na meseji zinagawanywa kwa zamu kote, hali ambayo si mbaya kuliko tulikoanzia.

Matokeo

Tukio la tatu lilikuwa la mtandao. Waya wa katikati ulikatwa na matengenezo ya barabara na ukakaa hivyo kwa saa kadhaa za mchana. Kila lango liliendelea kuhudumiwa na kituo chake, wakala hakuona tofauti.

Kuna meseji chache zilizokuwa zinavuka wakati waya unakatika. Chaneli hutuma kwa mafungu, fungu likiwa hadi meseji 50 kwa mpangilio wa kawaida, na fungu ambalo mtumaji hajapata uthibitisho wake hubaki na shaka: halipelekwi kwingine mpaka pande mbili zizungumze tena, kwa sababu huenda limeshafika. Wahandisi wapya huwa wanataka kulilazimisha. Tuliwazuia, likasubiri, waya uliporudi likajimaliza lenyewe. Hata lingerudiwa, watoa tokeni tunaofanya nao kazi hurudisha tokeni ile ile wakiona namba ile ile ya kumbukumbu. Bila makubaliano hayo nisingethubutu kuhamisha meseji hata moja kati ya vituo.

Uchambuzi

Nikitazama nyuma, matukio mawili ya kwanza ni kosa lile lile katika hatua mbili tofauti. Kwenye la kwanza tulipendelea kabla ya kuuliza nani anafikika. Kwenye la pili tuliuliza nani anafikika tukadhani tumeuliza nani anafanya kazi. Upangaji njia wa klasta unajua habari za mameneja na chaneli, na hapo ndipo ujuzi wake unapokoma. Habari za programu inayochukua meseji lazima mtu azilete.

Si kila bidhaa imejengwa hivyo. RabbitMQ, kwa mfano, ina foleni za shirikisho ambazo huvuta meseji kutoka kituo kingine pale tu penye wasomaji wanaozihitaji, na watengenezaji wake hawashauri kutandaza klasta moja juu ya mtandao wa masafa marefu. Kwa huo mpango, tukio letu la pili lingekuwa na sura nyingine. Hatukuhama, kwa sababu mabenki tunayounganishwa nayo yanatumia IBM MQ na wenzetu wanaijua kwa miaka mingi. Lakini anayeanza leo na vituo viwili ana haki ya kuuliza mapema: ni nani anayeanzisha safari ya meseji, mtumaji au msomaji?

Mipangilio iliyokuja na bidhaa ilituponza mara tatu: DEFBIND, MAXDEPTH na MONQ. Ya nne, DEFPSIST, ingeweza kutuumiza kuliko zote, kwa sababu ukiiacha kama ilivyo meseji hazihifadhiwi kwenye diski, na seva ikiwashwa upya zinapotea. Tulinusurika kwa kuwa programu zetu zilikuwa zinaomba uhifadhi zenyewe. Sasa kila foleni mpya inaandikwa ikiwa na thamani zote, hata zile zinazofanana na za kawaida, ili anayepitia alazimike kuzisoma. Na kwenye grafu ya kina cha foleni tumechora mstari mwekundu wa kikomo. Dada yetu ndiye aliyeuomba.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia ni lakabu. Kutenganisha jina analoita mtumaji na foleni anayosoma mfanyakazi kulitupa usukani tulioweza kuushika kwenye kila dharura. Dawati la mawakala nalo sasa lina namba ya moja kwa moja ya mhandisi wa zamu, na likipiga, swali la kwanza tunalouliza ni la mkoa.

Kuna jambo moja ambalo bado halijakaa sawa, nalo ni majibu. Ombi linaweza kuchagua kati ya seva nne, lakini jibu lina mahali pamoja tu pa kurudi: lango lililotuma ombi. Malipo ya Bara yakifanyiwa kazi Pwani na lango la Bara likaanguka katikati, jibu linabaki Pwani likisubiri, huku mteja ameshakatwa pesa. Kwa sasa lango lolote linaweza kuulizwa hali ya malipo kwa namba ya kumbukumbu, na programu ya wakala huuliza yenyewe baada ya sekunde 30. Kwenye zoezi la mwisho, tulipozima lango la Bara mchana, wateja wengi walipata tokeni zao kwa njia hiyo ya kuuliza. Wachache ambao ombi lao lilikuwa bado ndani ya lango lenyewe hawakuzipata mpaka lilipowashwa, na hao ndio tunaowafanyia kazi sasa.